Magome ya kinini na kiwanda cha Bukavu

Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita hapa Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, huanza somo la alkaloidi, kemikali za mimea kama kinini, kwa ulimi. Nampa kila mmoja kipande cha gome la mkinini, chembamba kama kijiti cha kiberiti, atafune kidogo kisha ateme. Kwa nje gome hilo ni la kijivu, lina mabaka ya kuvu. Kwa ndani ni la hudhurungi iliyokoza, na ukilivunja linatoa vumbi. Uchungu wake hauji mara moja. Unaanzia nyuma ya ulimi, unasambaa, halafu unakaa. Nimelelewa na uchungu huo. Baba yangu alibandua magome kwa mshahara katika shamba moja juu ya Miti, na mama hakumruhusu kugusa unga wa bugali kabla hajanawa kwa sabuni mara mbili.

Mti wenyewe si wa kwetu. Asili yake ni miteremko ya milima ya Andes, huko Amerika Kusini, na Wazungu walijua tangu karne ya 17 kwamba unga wa gome lake hushusha homa. Mwaka 1820 wafamasia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walifaulu kutoa kinini yenyewe kutoka kwenye gome. Hapo ndipo daktari alipoanza kupima dawa kwa gramu, badala ya kubahatisha kwa kijiko cha unga ambao leo una nguvu na kesho hauna kitu. Mwaka 1865 Manuel Incra Mamani, Mwaymara wa Bolivia aliyejua kutofautisha mti bora na mti wa kawaida kwa kuutazama, alimkusanyia mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger mbegu za mti huo bora. Waholanzi wakazinunua na kuzipanda Java, wakapata magome yenye kinini hadi asilimia 13. Mti ukapewa jina la Ledger. Mamani alikuja kukamatwa kwa ajili ya mbegu hizo, akapigwa, akafa. Darasani namtaja yeye kwanza.

Kivu yetu, mashariki mwa Kongo, inaingia katika habari hii kwa sababu ya udongo na mwinuko. Kuanzia ukingo wa Ziwa Kivu kwenda juu kuelekea mlima Kahuzi ardhi ni nyekundu, mvua ni nyingi, na baridi ya usiku haifikii kuua mche. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, jirani yetu hapa, kilikuwa chini ya INEAC, taasisi ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1933, nacho kilifanya majaribio ya mikinini pamoja na kahawa na chai. Kisha, Machi 1942, Wajapani wakaiteka Java. Zaidi ya tisa ya kumi ya kinini ya dunia ilikuwa ikitoka huko. Majeshi yaliyokuwa yakipigana katika nchi za malaria yakajikuta yamepungukiwa na kinini, na vilima vya Bushi, nchi ya Washi, vikawa na thamani mpya.

Lakini vilima hivyo vilikuwa na wenyewe. Mshi alipata shamba kwa kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mwami, yaani mtawala wa jadi, au kwa mtu wa mwami, na tangu hapo ardhi ikawa yake na ya watoto wake. Malisho na mashamba yaliyopumzishwa yalijulikana ni ya nani, hata kama hayakuwa na jembe mwaka huo. Sheria ya kikoloni iliyaita ardhi tupu, na kuanzia 1928 shirika la kikoloni, Comité National du Kivu, lilikuwa na mamlaka ya kuwagawia walowezi. Kwa hiyo mzee aliyetoa ng'ombe wake alijikuta akipalilia miche ya mlowezi mahali alipokuwa akichunga. Napenda sana kusimulia sifa za dawa hii, lakini sikubali kuzisimulia bila jambo hilo.

Kazi ya magome ilikuwa hivi. Mti hukaa ardhini miaka saba, minane, hata zaidi. Siku yake ikifika, wanaume huukata au huung'oa pamoja na mizizi, kwa maana gome la mzizi nalo lina dawa nyingi. Shina hugongwa kwa nyundo ya mti, pole pole, likizungushwa, mpaka gome liachane na mti; kisha kisu hupitishwa kwa urefu na gome hufunuka. Ukigonga kwa hasira, linapasuka na kubaki vipande vipande kwenye shina. Baba aliweza kubandua gome la tawi zima bila kulikata katikati. Magome hukunjamana yakikauka juani, na vidole vya mbanduaji hubaki na rangi ya kahawia kama ya mtu aliyemenya ndizi mbichi.

Sehemu inayonifanya niandike ni ile inayofuata, kwa sababu ilifanyika Bukavu. Nchi nyingi za Afrika hupeleka nje gome, mzizi au jani, na kununua tena kidonge. Pharmakina, kiwanda cha Bukavu, ilitoa kinini papo hapo. Gome husagwa na kuchanganywa na chokaa. Ndani ya gome kinini imeshikana na asidi za mti wenyewe. Chokaa huzinyang'anya asidi hizo, kinini ikabaki huru na kuhamia kwenye kimiminika chenye asili ya mafuta, kama tolueni. Halafu kimiminika hicho hukorogwa na maji yenye tindikali ya salfuriki kidogo. Kinini sasa hupenda maji, huacha mafuta. Asidi ikipunguzwa, salfeti ya kinini hujitenga kwa fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano, huku ndugu zake watatu wakibaki majini: kinidini, sinkonini na sinkonidini. Kinini na kinidini zina atomu zile zile, kaboni 20, hidrojeni 24, nitrojeni 2 na oksijeni 2. Zinapishana tu kwa jinsi atomu zilivyoelekezwa. Ya kwanza ilikuwa dawa ya malaria, ya pili ikatumika kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Kuonyesha hayo hatuhitaji maabara kubwa. Naazima kwa mbadilisha fedha wa sokoni ile taa yake ya kukagulia noti za dola. Tunaponda kidonge cha kinini, tunakitia kwenye maji yenye limau, tunafunga madirisha na kumulika. Maji yanawaka buluu. John Herschel alieleza mwanga huo mwaka 1845, na kinini ikawa miongoni mwa vitu vilivyowafundisha wanafizikia jambo hilo. Kidonge bandia, kisicho na kinini hata chembe, hakitoi buluu hiyo, na hilo wanafunzi hulishika haraka kuliko fomula.

Mwilini, kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini. Mabaki yake, yenye chuma, ni sumu kwake mwenyewe, kwa hiyo huyagandisha kuwa fuwele zisizokidhuru. Inaaminika kwamba kinini huzuia kuganda huko, kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake. Mgonjwa naye hulipa: masikio hulia, kichwa huzunguka, sukari ya damu hushuka. Ndiyo maana wauguzi wetu waliitia kinini kwenye serumu yenye sukari na kuihesabu tone kwa tone.

Kampuni ya Kijerumani Boehringer Mannheim ndiyo iliyomiliki Pharmakina kwa miaka mingi. Roche ilipoinunua Boehringer mwaka 1997, wasimamizi wawili wa Bukavu, Horst Gebbers na Étienne Erny, waliamua kuichukua Pharmakina wenyewe, katika miaka ambayo mtu mwenye pesa alikuwa akitoka Kivu. Vita vya 1996 na 1998 vilikuwa vimepita juu ya mashamba hayo hayo. Mwaka 2005 kiwanda kilianza hata kutengeneza dawa ya kupunguza makali ya UKIMWI, Afri-Vir.

Pigo kubwa kwa kinini lilitoka kwenye mti mwingine wa dawa, au tuseme mmea: artemisia ya Wachina, ambayo Tu Youyou na wenzake waliitolea artemisinini mwaka 1972. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba walikufa asilimia 8.5 ya waliopewa artesunati na asilimia 10.9 ya waliopewa kinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiweka artesunati mbele. Ni haki. Mtoto mmoja aliyepona anazidi shamba zima la mikinini, na mimi sidai vinginevyo.

Ila sikubaliani na wanaosema basi mti umekwisha kazi. Mahali ambapo artesunati haijafika, serumu ya kinini bado inaokoa. Kinini na kinidini hutumiwa na wanakemia kama vichocheo vya kutengeneza dawa nyingine, na kinini ndiyo uchungu wa soda ya toniki. Pia artemisinini yenyewe imeanza kukutana na vimelea sugu Afrika Mashariki, Rwanda na Uganda, ng'ambo tu ya ziwa na mpaka. Tangu vita vilipofika Kavumu Februari 2025, watu wanatafuta kuni na makaa popote wanapozipata, nami nawaelewa. Ombi langu kwa wenye mikinini ya zamani juu ya Miti na Mulungu ni hili: kateni shina, msing'oe kisiki. Mkinini huchipua. Ile iliyosimama leo ni mizao iliyochaguliwa kwa miongo mingi kwa ajili ya udongo huu, na mbegu zake haziuzwi katika duka lolote la Bukavu.