Nani atauliza kuhusu mgongo wa mama?

Wiki iliyopita niliposti klipu ya mbunge akiuliza swali la SHA bungeni. Komenti ya kwanza: "Maswali hayalipi bili ya hospitali." Ikapata laiki kushinda posti yenyewe. Nilicheka, si uongo. Halafu nikamkumbuka mama, na kicheko kikaisha.

Mama alichuna chai Kericho miaka 18, kwenye shamba kubwa ambalo sitalitaja. Kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, umande hadi kwa soksi, na nyapara nyuma anahesabu. Mgongo ulipoanza kumsumbua alikuwa anaenda zahanati ya shamba, anapewa tembe za maumivu, kesho yake yuko kwa laini. Siku moja akaamua kuulizia fidia. Karani akatoa fomu, akamuuliza: "Tarehe ya ajali?" Mama hakuwa na tarehe. Hakuanguka, hakukatwa na mashine, hakugongwa na trekta. Karani akafunga faili. Mambo yaliishia hapo.

Mimi nimekua nikidhani hiyo ni shida ya fomu tu. Nikianza kusoma historia ya hii chai yetu ndio nikaona swali la "nani alipe mwili ukiharibika" ni la kitambo sana Kericho, na liko hapo hata kabla ya chai yenyewe.

Twende nyuma. Vita Vikuu vya Kwanza viliisha 1918. Uingereza ilikuwa na maafisa wa jeshi walioumia, wengine wamepoteza viungo, na ilitaka kuwatunza. Mpango mmoja ulikuwa kuwapa ardhi huku kwetu. Uliitwa British East Africa Disabled Officers Colony, kwa ufupi BEADOC, na ulipewa ekari 25,000 Kericho, kwenye ardhi ya Wakipsigis. Walipanda kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na mradi ukafa. Baadaye Brooke Bond na James Finlay wakaingia Kericho, na kilima baada ya kilima kikawa chai.

Soma hiyo tena polepole. Mashamba makubwa mnayopigia picha za harusi, sehemu yake ilianza kama fidia ya majeraha. Afisa Mzungu aliumia kazini, nchi yake ikauliza, "Tutamlipa nini huyu?" Jibu likawa ardhi ya kogo zetu. Vita hivyohivyo vilikuwa na wapagazi Waafrika, Kariokor, wale waliobeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika wakafa kwa maelfu kwa magonjwa na njaa. Wengi wao hata mishahara yao haikufika kwao wala kwa familia zao. Migongo miwili, vita vimoja. Mmoja ulikuwa na mtu wa kuuliza.

Na wale waliokuwa kwenye ardhi hiyo? Wengine walisukumwa, wengine wakabaki kama vibarua. Ukoo wa Talai, viongozi wa kidini na wa kisiasa ambao wakoloni waliwaogopa, ulitungiwa sheria yake mwaka 1934 ukahamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria. Hiyo stori siku moja nitaifanyia posti yake, kwa sababu haitoshi aya moja.

Sasa chai inataka mikono, na mikono midogo ni ya bei ya chini. Miaka ya 1930 watoto walikuwa wanachuna chai Kericho kama watu wazima. Sheria ya wakati huo iliruhusu mtoto wa miaka 10 kuajiriwa. Miaka 10, buda! Aliyepiga kelele ni kasisi wa Kianglikana aliyekuwa Nyanza, Archdeacon Walter Owen. Kelele zikafika Uingereza, na mwaka 1938 serikali ya koloni ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Mtoto anachuna chai Kericho, anayeuliza ni Mzungu, na presha inayofanya serikali iamke inatoka ng'ambo. Wakati huo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944. Taita arap Towett, mtu wa kwetu Kericho, alichaguliwa 1958.

Uhuru ulileta watu wetu bungeni, na ulileta bima. NHIF ilianzishwa 1966 kwa watu wenye mishahara mizuri kidogo, na 1972 ikafungua mlango kwa wasio na ajira rasmi wakitaka wenyewe. Mkulima mdogo wa Litein au Mogogosiek anayepeleka majani kwa KTDA aliingia kwa huo mlango wa pili, yaani anajilipia. Akiwa na bonasi analipa, bonasi ikikauka kadi inalala. Mchunaji aliyeajiriwa na huyo mkulima? Kadi mara nyingi hana kabisa.

Kuhusu kuumia kazini tulikuwa na sheria ya kikoloni ya fidia ya wafanyakazi hadi 2007, Bunge lilipopitisha sheria mpya ambayo kila mtu anaiita WIBA. Hii ndiyo sheria ya kumjua vizuri ukiwa na mzazi anayefanya kazi ya mikono. Inasema mwajiri lazima awe na bima ya majeraha ya kazini. Inasema pia ukiumia huendi kortini kwanza, unaenda kwa mkurugenzi wa usalama kazini, yeye ndiye anapima na kuamua. Mawakili waliipinga kwa miaka zaidi ya kumi, ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2019 majaji wakasema iko sawa kikatiba.

Hapa ndipo stori inaingia ndege. Wachunaji zaidi ya 1,000 waliofanya kazi kwa James Finlay (Kenya), kampuni iliyosajiliwa Scotland, walipeleka kesi Edinburgh wakisema kazi iliwaharibu migongo. Mtu wa Kericho anadai haki ya uti wake wa mgongo mbele ya jaji aliyevaa wigi, kilomita maelfu kutoka kwa mti wa chai. Mwaka 2023 majaji wa rufaa huko wakasimamisha kesi: nendeni kwanza mtumie ile njia ya Kenya, WIBA. Yaani rudini kwa fomu.

Sisemi majaji walikosea. Kusema kweli kuna kitu kinaniuma kila nikiona haki yetu inabidi ipande ndege, kama ile ya 1938. Lakini ukiwarudisha watu nyumbani, nyumbani lazima kuwe na mtu wa kuwafungulia mlango. WIBA inatambua magonjwa yanayosababishwa na kazi, si ajali pekee, kwa hivyo sheria iko. Mama alikutana na karani, hakukutana na sheria.

Ndio maana sikubaliani na ile komenti. Swali la bunge ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote tulivyo navyo. Zamani waziri alikuwa mbunge, anasimama pale ndani anajibu, na jibu linaingia kwenye Hansard. Katiba ya 2010 ikatoa mawaziri bungeni, na kuanzia 2013 maswali yakawa yanapelekwa kwa kamati, kwa chumba ambacho hakuna mtu anakiangalia. Mwaka 2023 Bunge likabadilisha kanuni zake, mawaziri wakaanza tena kuja kujibu mbele ya wabunge wote. Hizo klipu mnazonitumia zinatoka hapo.

Mwaka huohuo, Februari, BBC ilitoa filamu kuhusu wanawake kwenye mashamba ya chai Kericho kudaiwa ngono ili wapate kazi. Mwakilishi wa wanawake wa Kericho, Beatrice Kemei, alilipeleka bungeni, na Naibu Spika Gladys Boss akaiagiza kamati ya leba ichunguze. Nilifurahi, na nilikasirika pia. Nilifurahi kwa sababu aliyeuliza safari hii alikuwa mama wa Kericho mwenyewe. Nilikasirika kwa sababu ilibidi kamera ya London ije kwanza, wakati kila msichana aliyekulia kambi za chai anajua hiyo stori.

Na Bomet? Bomet wanajua bei ya kutouliza mapema. Saratani ya koo la chakula imewamaliza watu huko kwa miaka, muulize mtu yeyote aliyewahi kukaa kwa foleni ya Tenwek. Gavana Joyce Laboso, aliyekuwa Naibu Spika kuanzia 2013 hadi 2017, alifariki kwa saratani tarehe 29 Julai 2019, siku 3 baada ya mbunge wa Kibra, Ken Okoth. Yeye alitibiwa London na India. Mwezi huo wanasiasa wote walizungumza saratani. Mkulima wa Sigor hakuhitaji kuambiwa.

Sasa tuko na SHA tangu Oktoba 2024. Nitasema kitu hamtapenda: kwa mchunaji mwenye mshahara mdogo, hesabu si mbaya. Mtu wa 15,000 alikuwa anakatwa 600 za NHIF. Kwa asilimia 2.75 ya SHA anakatwa 412 na senti. Anayeumia zaidi ni yule asiye na payslipu, anayeulizwa paa la nyumba yake ni la nini halafu anaambiwa alipe ya mwaka mzima mara moja.

Lakini swali ninalotaka liulizwe ni lingine. Mama akienda leo hospitali kwa huo mgongo, SHA inalipa. SHA ni michango yetu: wewe, mimi, boda wa Kapsoit, mwalimu wa Sotik. Aliyenufaika na mgongo halipi kitu, na bima ya WIBA haiguswi, kwa sababu hakuna anayemuuliza mgonjwa, "Hii umeipata kwa kazi gani?" Waziri wa Afya ajibu hilo. Waziri wa Leba ajibu ni madai mangapi ya migongo kutoka Kericho na Bomet yamelipwa kupitia WIBA, na mangapi yalikufa mezani kwa karani.

Nimeyaandika hayo mawili kama ombi kwa Bunge. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki hiyo, hata wewe wa komenti ya kwanza. Jana usiku nilimsomea mama kwa simu. Alinyamaza, halafu akauliza kama anaweza kuweka namba yake ya kazi pale chini. Anaikumbuka mpaka leo. Nikamwambia weka, mama, nikaiandika akinitajia tarakimu moja moja.