Kipima Kisichopima

Altimeta ya zamani ina uso mweusi na akrabu tatu: ya mamia ya futi, ya maelfu na ya makumi elfu. Nyuma ya uso huo mna vikopo bapa vya metali nyembamba vilivyonyonywa hewa. Ndege ikipanda, mgandamizo wa nje hupungua, vikopo hutanuka, na gia ndogo mithili ya za saa huzungusha akrabu. Tukikiita chombo hiki kipimakimo, ndugu wa kipimajoto, jina linakitosha. Tarehe 24 Septemba 1929, huko Long Island, New York, rubani Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje. Miongoni mwa vyombo alivyovitegemea ilikuwa altimeta iliyobuniwa na Paul Kollsman.

Sasa mpenzi wa ndege anainunua altimeta kuukuu aifunge kwenye simuleta yake, mtambo wa kuiga urubani, nyumbani. Kikwazo ni kimoja: sebule haipandi angani. Basi anafungua kasha, anatoa vikopo, anatia mota ndogo na kibao cha Arduino kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta. Uso ni ule ule, akrabu zinazunguka vile vile. Lakini chombo hakipimi tena. Kinatii.

Hapo "kipima" linageuka uongo. Mimi ningesema kionyeshakimo. Kupima ni kazi ya anayetafuta. Kuonyesha, neno lililonyambuliwa kutoka "ona", ni kazi ya aliyekwisha kujua, au aliyeambiwa. Jirani yake mbele ya rubani, upeo bandia unaoonyesha ndege imeinama vipi, una kisa kizito zaidi. Hufanya kazi kwa jairoskopu, ambayo kwa asili ni pia, ile ile ya watoto, isiyoanguka maadamu inazunguka. Nyumbani pia hiyo haina kazi, na upeo unaoigwa wenyewe ni picha ya kompyuta. Bandia ya bandia!

Hata hivyo, nani atamlaumu fundi? Lugha yetu ni fundi wa kazi hiyo hiyo. Rubani alikuwa mjuzi wa miamba na mikondo. Hadi leo yupo anayepanda melini kuiingiza bandarini Mombasa, lakini tulipomtia hewani hatukumbadilisha jina. Usukani ulitoka jahazini ukaingia garini. Akrabu kwa Waarabu ni nge. Sisi tumempokea bila sumu, tukamwachia kuzunguka saa. Kasha la zamani, matumbo mapya.

Tofauti ni kwamba neno halifunguliwi kwa bisibisi. Altimeta siku moja itafunguliwa na mtu mwingine, naye atavitafuta vikopo. Kwa ajili yake, nyuma ya kasha ningebandika karatasi: kionyeshakimo. Mbele ningeliacha neno ALT la mwenye kiwanda, kwa ajili ya rubani wa sebuleni.