Matibabu Ugenini: Safari ya Bima ya Afya Kuvuka Mipaka ya Ulaya

Bima za kwanza kuuzwa kwa wasafiri zilihusu ajali, wala hazikugusa ugonjwa. Mwaka 1849 kampuni ya Railway Passengers Assurance ya London ilianza kuwauzia abiria kinga palepale kwenye madirisha ya tiketi za treni. Wa daraja la kwanza alilipa peni 3, na akifa ajalini familia yake ililipwa pauni 1,000. Wa daraja la pili alilipa peni 2 kwa kinga ya pauni 500, na wa daraja la tatu peni 1 kwa pauni 200. Biashara hiyo ilistawi, lakini aliyeshikwa na homa kali katika mji wa ugenini hakuwa na chochote cha kudai.

Ugonjwa uliingia katika bima kwa mlango mwingine kabisa, ule wa kiwanda na mgodi. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1883 iliwalazimisha waajiri na wafanyakazi kuchangia mifuko ya matibabu, na nchi jirani zikafuata polepole, kila moja kwa utaratibu wake. Mifuko hiyo ilikomea mpakani. Mfanyakazi aliyechangia miaka nenda rudi katika nchi moja alikuwa mgeni mtupu hospitalini katika nchi ya pili. Ufaransa na Italia zilitia saini mkataba wa kazi mwaka 1904 ili kila upande uanze kuwalinda wafanyakazi wanaotoka upande wa pili, na mikataba mingine ya nchi mbilimbili ikafuata.

Baada ya Vita Kuu ya Pili suala hili halikuweza tena kuachiwa mikataba ya vipande. Ubelgiji, iliyokosa watu wa kushuka migodini, ilikubaliana na Italia mwaka 1946 kupata wachimbaji kwa maelfu, na Italia ikaahidiwa makaa ya mawe. Moto ulipozuka katika mgodi wa Marcinelle tarehe 8 Agosti 1956, ulizika watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Wakati huo nchi sita za Jumuiya ya Ulaya ya Makaa ya Mawe na Chuma zilikuwa zikiandaa mkataba wa pamoja wa hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wahamiaji. Ulitiwa saini Rome mwezi Desemba 1957, na mwaka uliofuata ukageuzwa kuwa Kanuni Namba 3 ya Jumuiya mpya ya Kiuchumi ya Ulaya.

Ndani ya kanuni hiyo mlikuwa na kifungu kilichokuja kumfaa msafiri wa kawaida. Mfanyakazi aliyeugua ghafla akiwa kwa muda katika nchi nyingine mwanachama angetibiwa kama mwenyeji mwenye bima, kisha mfuko wa nchi hiyo ungedai gharama kutoka mfuko wa kwao. Mgonjwa hakuhitaji kujua hesabu hizo. Zilimalizwa baina ya ofisi na ofisi.

Je, aliyekwenda kutembea tu naye alihusika? Swali hilo lilijibiwa tarehe 19 Machi 1964, katika kesi namba 75/63 ya Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya, Luxembourg. Mwanamke mmoja wa Uholanzi alikuwa ameacha kazi ya kuajiriwa, akaruhusiwa kuendelea na bima kwa hiari. Akiwa Ujerumani kuwatembelea wazazi wake aliugua, akatibiwa huko, kisha akaomba kurudishiwa gharama. Taasisi ya bima ya Uholanzi ilikataa. Majaji waliamua kwamba nchi moja haiwezi kujipangia nani ni mfanyakazi kwa maana ya kanuni hiyo, na kwamba ulinzi wake haukuwekewa sharti la kuvuka mpaka kwa ajili ya kazi. Uamuzi huu unastahili kukumbukwa kuliko mikataba mingi mikubwa. Haki iliyotungwa kwa ajili ya wachimbaji ilimfikia mtu aliyekuwa amekwenda tu kuwaona wazazi.

Kanuni 1408/71 iliyofuata ndiyo iliyozaa fomu ya E111, karatasi ambayo familia nyingi za Ulaya zilibeba likizoni pamoja na pasipoti. Waliojiajiri waliongezwa mwaka 1981, wanafunzi mwaka 1999. Tarehe 1 Juni 2004 karatasi ilianza kupisha kadi ya plastiki, Kadi ya Bima ya Afya ya Ulaya, ambayo hutolewa bure. Kadi hiyo ina mipaka yake. Hailipii hospitali binafsi zilizo nje ya mfumo wa umma, haigharimii kumrudisha mgonjwa kwao, na mwenye kadi huchangia kama wenyeji wanavyochangia. Nchini Ufaransa, kwa mfano, mgonjwa hutoa pesa kwanza, kisha kwa kumwona daktari hurudishiwa asilimia 70 ya bei iliyopangwa.

Siku hiyohiyo, 1 Juni 2004, sharti jingine lilianza kutumika kwa watu wa nje. Kila mwombaji wa viza ya Schengen alitakiwa kuonyesha bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa ziara, na inayolipia matibabu ya dharura pamoja na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Kanuni ya Viza ya mwaka 2009 ililithibitisha. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Dar es Salaam au mwanafunzi wa Nairobi hupita kwanza kwa wakala wa bima kabla ya kupeleka maombi yake ya viza. Anachonunua ni mkataba wa biashara. Una tarehe ya mwisho, na kwa kawaida hauhusu maradhi aliyokuwa nayo kabla ya safari. Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye kadi ya Ulaya hutibiwa hata maradhi yake ya siku zote, ilimradi hali yake ihitaji matibabu akiwa ziarani, ilhali mwenzake wa Afrika Mashariki huenda akaachiwa bili nzima.

Masharti ya aina hii sasa yamewekwa upande wa pili pia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya Tanzania kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kuwasili, kwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima hiyo hudumu siku 92 na hugharimia matibabu ya dharura na kumrudisha mgonjwa kwao. Mtalii wa Ulaya hulazimika kuinunua hata kama tayari ana bima nyingine, na kadi yake ya Ulaya haimlipii chochote visiwani.