Uzuri Uko Wapi: Katika Kinyago au Katika Moyo?

Mtu asemapo kwamba kitu ni kizuri, je, asema habari ya kitu chenyewe au ya moyo wake tu? Sisi hatupendi kubishana hewani. Na tutazame jambo lililotokea karibu. Ukitoka Bijombo, juu ya Uvira, ukavuka milima ya Itombwe kuelekea magharibi, utafika kwa Walega. Hawa, pamoja na Wabembe wa upande wa Fizi, tangu zamani wana chama kiitwacho Bwami. Mwanachama hupanda daraja kwa daraja, akifundishwa mithali na ngoma, huku akionyeshwa vitu: vinyago vidogo vya mti vilivyopakwa udongo mweupe, sanamu za pembe za ndovu, hata mdomo wa ndege au gamba la kakakuona.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga chama hicho marufuku. Wazungu wengi, na wamisionari wamo, tusifiche, waliviona vitu vile kuwa vya kutisha. Papa Pio XII aliandika mwaka 1951 kwamba Kanisa halitendi kama mtu afyekaye msitu mzima, bali kama apandikizaye tawi jema katika mti wa mwitu. Lakini shoka lilikuwa limekwisha kupita. Leo sanamu za namna ileile zimewekwa Tervuren, karibu na Brussels, na watu huzistaajabia. Mti haukubadilika, wala pembe. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Basi, wengine watasema, uzuri ni moyo tu! Twasema, polepole. Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji aliyekaa kwa Walega kati ya 1952 na 1954, aliona kwamba pembe ikipotea, wazee waliweza kutumia kitu kingine mahali pake, hata globu ya taa. Mgeni angecheka. Lakini globu ni nyeupe, ni laini, yang'aa, na wazee walitafuta hayo hasa. Sanamu ya pembe ilipakwa mafuta ya nyonyo na kusuguliwa, kama mwili wa mtu unavyopakwa, mikono ya baba na ya mwana ikipokezana, hata ikawa nyekundu-njano yenye kung'aa. Mng'ao ule si ndoto ya mtu; kila mwenye macho auona. Lakini asiyefundishwa mithali hajui kwamba ndio wa kutazamwa. Walega wana neno moja, busoga, wema na uzuri pamoja.

Kwa hiyo twaona kwamba moyo ni shahidi wa kweli, ila ni shahidi anayehitaji kufundishwa kwanza. Yule aliyeogopa zamani na huyu anayestaajabu leo, wote wawili huenda hawakufundishwa. Wa leo amewahi tu kuona picha nyingi.

Na zile sanamu za Tervuren zimo katika makabati ya kioo. Hakuna mzee azishikaye, wala wa kuzipaka mafuta.