Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe nyeupe za damu za aina ya B, inayowapata hasa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Uvimbe huota tayani au tumboni na kukua upesi mno; unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Alama kuu ya ugonjwa ni jeni ya MYC kuhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, jirani na Wandegeya mjini Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari hospitali za Afrika Mashariki na Kusini akiulizia wagonjwa, akaona kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Huko Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua, mwaka 1964, virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Virusi hivyo vina majina ya watafiti wa London, ilhali vilitoka kwa watoto wa Uganda. Ni haki watoto hao wakumbukwe.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapohapo Mulago mwaka 1967. John Ziegler na wenzake wa taasisi hiyo walithibitisha kwamba dawa, hasa siklofosfamidi, zinaweza kuponya wengi bila upasuaji, jambo kubwa kwa wakati ule. Alama kuu ya ugonjwa ni jeni ya MYC kuhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14. Mtoto anayecheleweshwa kufikishwa hospitalini anaweza kupoteza nafasi hiyo ya kupona.