Nani Aliufungua Mlango wa Hoteli ya Udupi?

Kwenye mabango ya migahawa ya India Kusini, tangu Mumbai hadi miji ya Ghuba, jina la Udupi limekuwa kama muhuri wa ubora. Nyuma ya jina hilo kuna simulizi inayorudiwa kwenye vitabu vya mapishi na makala za utalii. Inasemwa kwamba wapishi wa hekalu la Krishna katika mji huo wa pwani ya Karnataka, waliozoea kulisha mahujaji kwa maelfu, waliubeba ujuzi wao hadi mijini, wakafungua hoteli za chakula kisicho na nyama, na humo wakawakalisha Wahindi wa kila tabaka kwenye meza moja. Nusu ya kwanza ya simulizi ina ushahidi wa kutosha. Nusu ya pili inawanyang'anya watu wengine jasho lao.

Umri wa chakula chenyewe hauna haja ya kutukawiza. Andiko la Kikannada la mwaka 920 hivi linaitaja idli, kimkate kinachopikwa kwa mvuke, na karne ya 12 Mfalme Someshvara wa Tatu aliandika habari za vyakula vya jinsi hiyo katika kitabu chake Manasollasa. Dhana ya mtaalamu K. T. Achaya kwamba ufundi wa kuumua na kupika idli kwa mvuke ulitoka Indonesia imezungumzwa sana, lakini hadi leo haijapata ushahidi wa kuibeba. Mpishi wa Pwani anayeloweka mchele na kuuacha uumuke kwa ajili ya mkate wa kumimina hatashangazwa na rojo ya dosa, chapati nyembamba ya mchele, ila hii huchanganywa na choroko nyeusi. Sambar nayo, mchuzi unaoandamana nayo, hupikwa kwa mbaazi na ukwaju.

Hoteli ni jambo la juzi. K. Krishna Rao, mtoto wa familia fukara, alianza kama kibarua wa jikoni huko Madras, jiji linaloitwa Chennai leo, kabla ya kumiliki hoteli zake mwenyewe. Mwaka 1938 alifungua Woodlands, jina lililokuja kuenea hata ng'ambo. Huko Bangalore, ndugu wa ukoo wa Maiya kutoka kijiji kilicho karibu na Udupi walianzisha mwaka 1924 mgahawa unaojulikana leo kwa herufi tatu, MTR. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mchele ulipoadimika, jiko la MTR lilijaribu idli ya semolina, na idli hiyo haijaondoka mezani tangu hapo. Mwaka 1951 mmoja wa ndugu hao, Yagnanarayana, alizuru Ulaya, akarudi na ari mpya ya usafi. Vyombo vikaanza kusafishwa kwa mvuke, na wateja wakakaribishwa kulitazama jiko.

Lakini MTR haikuzaliwa na jina hilo. Jina lake la kwanza lilikuwa Brahmin Coffee Club, na hapo ndipo historia ya kweli ya huduma inapoanzia.

Ili kuelewa uzito wa jina hilo, inafaa kuitazama meza. Jani la mgomba huwekwa mbele ya mlaji, ncha ikielekea kushoto. Mlaji hulinyunyizia maji na kulifuta. Chumvi na achari hutangulia pembeni, mboga hufuata, kisha wali. Mhudumu hupita na ndoo ndogo ya chuma na upawa, akimimina sambar, anarudi na rasam, mchuzi mwepesi, na mwishoni mtindi. Chombo chake hakiligusi jani la mtu. Kahawa huja ndani ya bilauri ya chuma iliyokaa kwenye kibakuli, nayo humiminwa huku na huku kwa mkono ulioinuliwa hadi itoe povu. Wengi wa kizazi cha zamani huinywa kwa kuimimina kinywani kutoka juu, midomo isiiguse bilauri.

Mgeni huona ustadi katika mambo hayo, na ustadi upo kweli. Hata hivyo, kila hatua ina mizizi katika hofu ya mate na mguso. Katika mila za tabaka, mate huchafua, na uchafu huo huhama kutoka chombo hadi chombo na mtu hadi mtu. Kwa hiyo swali la nani amepika, nani amebeba na nani ameketi jirani halikuwa la adabu tu. Katika hoteli nyingi za mwanzo za Wabrahmini, tabaka la makuhani, mpishi na mhudumu walikuwa Wabrahmini, wateja wa tabaka hilo walitengewa sehemu yao, na watu waliohesabiwa kuwa hawagusiki hawakuingia kabisa. Mwanahistoria A. R. Venkatachalapathy, katika utafiti wake kuhusu kahawa na jamii ya Watamil, ameonyesha jinsi kinywaji hicho kipya kilivyoingia mijini kikiwa kimebeba mipaka ya zamani.

Mipaka hiyo haikulegea kwa ukarimu wa wapishi. Ililegezwa na watu waliokubali kutukanwa na kufungwa. Mwaka 1925 mwanaharakati E. V. Ramasamy, anayeitwa Periyar na wafuasi wake, alijitoa katika chama cha Congress. Miongoni mwa mambo yaliyomchosha ni mzozo wa shule ya Cheranmadevi, iliyopokea fedha za chama huku wavulana wa Kibrahmini wakilishwa kando na wenzao. Kwa ufupi, safu ya chakula ilichangia kuvunja umoja wa kisiasa. Mwaka 1941, baada ya kampeni yake na wenzake, kutenga Wabrahmini na wengine katika migahawa ya stesheni za reli kulikomeshwa.

Kisha ikaja Katiba, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Kifungu chake cha 15 kinaitaja migahawa ya umma kwa jina, pamoja na maduka na hoteli, kama mahali ambapo raia hawezi kuzuiwa kwa sababu ya dini au tabaka lake. Sheria ya mwaka 1955 dhidi ya ubaguzi wa kutogusika ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa kifungu chake cha 4 kinataja hata vyombo vinavyowekwa hotelini kwa matumizi ya umma. Waandishi wa historia ya mapishi hulipita andiko hili bila kulitazama, ilhali ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi wa hali ilivyokuwa. Bunge halitungi sheria kuhusu bilauri ambayo kila mtu anainywea kwa amani.

Mwaka 1957 Periyar alielekeza nguvu zake kwenye mabango. Wafuasi wake walisimama mbele ya Murali Cafe, huko Triplicane, Madras, wakidai neno "Brahmin" liondolewe kwenye jina la hoteli. Waliotetea bango walisema neno hilo lilimjulisha mteja tu kwamba chakula hakina nyama na jiko ni safi. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, kwa sababu wateja wengi walilisoma bango hivyo hivyo. Ila inaangushwa na maana yake yenyewe. Ikiwa usafi unaelezwa kwa jina la tabaka moja, mikono ya matabaka mengine yote imeshahukumiwa kuwa michafu. Waandamanaji walirudi siku baada ya siku, kwa miezi, na mamia yao wakakamatwa. Hatimaye neno likaondoka. MTR nayo ilihamia barabara ya Lalbagh mwaka 1960 na kuchukua jina jipya.

Wanaoshikilia kwamba usawa ulitoka hekaluni wana kazi ya kueleza jambo moja. Ndani ya Udupi penyewe, hata katika karne hii, kumekuwa na maandamano ya kupinga Wabrahmini kutengewa safu yao ya kulia katika hekalu la Krishna. Hekalu liliwapa wapishi ujuzi wa kulisha umati, na sifa hiyo wabaki nayo.

Wahudumu wenyewe wana sura yao ambayo haiandikwi vya kutosha. Vijana wa Karnataka waliofuta meza za hoteli za Mumbai mchana walisoma usiku, katika shule za Kikannada zilizofunguliwa kwa ajili ya watu kama wao. Bodi ya Kahawa ilipoamua kufunga mikahawa yake miaka ya 1950, wafanyakazi, wakisaidiwa na kiongozi wa kikomunisti A. K. Gopalan, waliunda vyama vya ushirika na kuichukua. Wa Thrissur walifungua wao mwaka 1958. Katika mikahawa hiyo ya ushirika huko Kerala, iitwayo Indian Coffee House, anayekuletea dosa iliyojazwa viazi vyekundu kwa bitiruti, akiwa na kilemba chenye upepeo wa kitambaa kilichopigwa wanga, kwa kawaida ni mwanachama mwenye sauti katika uendeshaji.

Mwaka 1981 P. Rajagopal alifungua mgahawa wa Saravana Bhavan huko Madras. Alikuwa Mnadari, na karne ya 19 Wanadari walizuiwa kuingia mahekaluni. Kwamba watu wa kila tabaka walipanga foleni kula kwenye jiko la Mnadari ni badiliko kubwa kuliko lolote lililoletwa na Woodlands. Wafanyakazi wake walipata matibabu na makazi, na mwaka 2000 kampuni ikafungua tawi Dubai. Baadaye Rajagopal alihukumiwa kwa mauaji na akafa mwaka 2019 akiwa chini ya kifungo cha maisha. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na badiliko lile lilitokea.

Bangalore nayo ilipata mtindo wa darshini kuanzia 1983. Mteja hulipa kwanza, hupokea kikaratasi, hukikabidhi dirishani na kula akiwa amesimama kwenye meza ndefu. Hakuna kiti cha kutengewa mtu. Vijijini mambo yamekwenda polepole zaidi. Watafiti wameendelea kukuta vibanda vya chai vya Tamil Nadu vinavyoweka bilauri mbili, moja ya Wadaliti, yaani wale waliohesabiwa kuwa hawagusiki, na moja ya wengine, miongo kadhaa baada ya sheria ya 1955. Wenye vibanda wengine siku hizi huwapa Wadaliti kikombe cha plastiki cha kutupwa, huku jirani yao akipewa cha chuma.