Uzamili tangulizi: shahada inayosomwa kabla ya udaktari

Katika vyuo vikuu vya Marekani kuna shahada ya mwaka mmoja, mara chache miwili, inayosomwa na mtu aliyemaliza shahada ya kwanza lakini bado hajapata nafasi ya kusomea udaktari wa tiba. Kwa Kiingereza huitwa "special master's program", na wanaoiwania huiita SMP tu. Ile ya Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, iliyojikita katika fiziolojia, ilianza miaka ya 1970 na ni miongoni mwa za zamani na zinazojulikana zaidi. Boston, Cincinnati, Tufts na vyuo vingine vinazo za kwao, na kila chuo huandika jina lake kwenye cheti: sayansi ya tiba, fiziolojia, sayansi ya biotiba. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kundi hili la shahada, na mtafsiri mwenye haraka huandika "uzamili maalumu" akaendelea na kazi yake. Jina hilo lina kasoro mbili. Neno la kwanza likiachwa peke yake humpeleka msomaji wetu mahali pasipo, na la pili humwambia jambo ambalo halipo.

Tuanze na uzamili. Tanzania, kijana aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia kidato cha sita huingia moja kwa moja kusomea udaktari wa tiba, Muhimbili kwa mfano, kwa miaka 5. Kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja, hupata leseni, na baadaye akipenda hurudi chuoni kusoma uzamili wa tiba, ambao humtoa akiwa daktari bingwa wa watoto, wa upasuaji au wa magonjwa ya akina mama. Kenya nako njia ni hiyo hiyo: shahada ya tiba na upasuaji ni shahada ya kwanza, na uzamili huja baada yake. Kwa hiyo masikioni mwetu, uzamili katika mambo ya tiba ni ngazi ya juu ya udaktari. Mzazi akisema, "Binti yangu anasoma uzamili ili aombe kusomea udaktari," jirani ataona sentensi imepinduliwa miguu juu.

Sentensi haikupinduliwa, mfumo ndio tofauti. Chuo cha tiba cha Johns Hopkins, Baltimore, kilipofunguliwa mwaka 1893 kilitaka kila anayeingia awe tayari na shahada ya kwanza, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti yake maarufu iliyochunguza vyuo vya tiba vya Marekani na Kanada, akakichukua Johns Hopkins kuwa kipimo cha ubora, na vyuo vingi dhaifu vikafungwa au kuunganishwa. Leo Mmarekani husoma miaka 4 ya shahada ya kwanza katika fani yoyote, mradi amepitia masomo ya lazima ya sayansi, ndipo aombe miaka 4 ya udaktari. Kati ya hatua hizo mbili kuna mwanya, na shahada tunayoitafutia jina imeota humo.

Mwanya huo una msongamano. Kwa mwaka mmoja watu zaidi ya 50,000 huomba vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari wa tiba (MD), na wanaoingia ni takriban 23,000. Wanaopokewa huwa na wastani wa alama wa karibu 3.8 kati ya 4.0, na alama kama 512 katika MCAT, mtihani wa kuombea udaktari ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. Sasa mfikirie aliyeanza chuo vibaya: mwaka wa kwanza alifanya kazi usiku, kemia ikamshinda, akazinduka mwaka wa tatu. Amehitimu na wastani wa 3.1. Hata akiongeza masomo mengine na kupata A kila mara, wastani uliojengwa kwa miaka 4 husogea kwa shida. Mtihani wa MCAT anaweza kuurudia. Miaka ile 4 haiwezi kurudi.

Mtu huyo ndiye aliyewekewa SMP. Huingizwa katika masomo ya mwaka wa kwanza wa udaktari, au yaliyopimwa kwa kiwango hicho: fiziolojia, biokemia, histolojia, famakolojia. Katika baadhi ya programu, Georgetown ikiwemo, hukaa darasa moja na wanafunzi wa udaktari, hufanya mitihani yao, na alama zake hulinganishwa na zao. Hali yake ni ya mchezaji aliyeitwa kufanya majaribio na timu kubwa: anavaa jezi ya mazoezi na kukimbia na wenyewe, ila mkataba bado hana.

Msomaji wa Tanzania anaweza kudhani kwamba huku ni kurisiti. La. Anayerisiti hutafuta matokeo mapya ya somo lile lile alilolifanya vibaya. Alama za SMP haziingii kabisa katika wastani wa shahada ya kwanza. AMCAS, mfumo wa pamoja unaopokea maombi ya vyuo vingi vya MD, huorodhesha alama za uzamili katika mstari wake, na zile za shahada ya kwanza hubaki zilivyo. Jopo la udahili huona vyote viwili: 3.1 ya zamani na, tuseme, 3.8 ya sasa katika masomo magumu zaidi. Kazi ya shahada hii ni kuleta ushahidi mpya mbele ya jopo, na ushahidi huo una makali pande mbili. Aliyepata C katika SMP amethibitisha, kwa gharama yake mwenyewe, kwamba masomo ya udaktari yenyewe yanamwelemea. Ndiyo maana washauri wengi wa wanafunzi huitaja mwishoni, baada ya njia nyingine.

Hapo ndipo neno "maalumu" linapoponza. Kwetu neno hili lina kazi zake. Elimu maalumu ni ya wanafunzi wenye mahitaji ya pekee. Shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe na Kibaha, ni za waliofaulu kuliko wengine. Viti maalumu ni vya wabunge wanawake wasiopigiwa kura jimboni. Msomaji akikutana na "uzamili maalumu" atachagua mojawapo ya maana hizo: ama mwanafunzi amependelewa, ama ana kipaji kisicho cha kawaida, ama ana hitaji la kusaidiwa. Hakuna iliyo kweli. Hata katika Kiingereza neno hilo halielezi kitu. Liliingia katika jina la programu na likabaki. Istilahi nzuri haifungwi kubeba mzigo ambao hata mwenye lugha haujui.

Tufanyeje basi? Wapo watakaopendekeza "kozi ya daraja", kwa kuwa inavusha. Tatizo ni kwamba katika shule zetu daraja ni matokeo: daraja la kwanza, daraja la pili, sifuri. Anayesoma "uzamili wa daraja" atauliza daraja gani. "Kozi ya awali" inatumika kwa walioshindwa kufikia sifa za kuingia chuo kikuu, kama programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nayo iko chini ya shahada ya kwanza. "Kozi ya maandalizi" inakaribia, lakini inaficha kwamba hii ni shahada kamili, yenye cheti chake, na kwamba sheria inaihesabu hivyo. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani iliyotiwa saini Julai 2025, mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mwanafunzi wa uzamili amewekewa ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka, ilhali mwanafunzi wa udaktari anaruhusiwa dola 50,000. Ada ya SMP kadhaa inazidi huo ukomo wa uzamili. Neno "kozi" lingemficha mkopaji jambo linalogusa mfuko wake. "Uzamili" lazima libaki.

Pendekezo langu ni uzamili tangulizi, na panapohitajika ukamilifu, uzamili tangulizi wa udaktari. Tangulizi si neno la kubuni. Lina mzizi mmoja na tangulia, utangulizi na kitangulizi, na wengi wamelisoma katika nyaraka za fedha kwenye malipo tangulizi. Linasema jambo moja tu, nalo ndilo msomaji wetu asilolijua: shahada hii huja mbele ya udaktari. Haliahidi kwamba udaktari utafuata, kama ambavyo malipo tangulizi hayathibitishi kwamba nyumba imekwisha. Pia linautenga na uzamili wa tiba, ule wa mabingwa, bila kuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Wanaosema umahiri badala ya uzamili watapata umahiri tangulizi bila taabu.

Istilahi haisimami peke yake, kwa hiyo ni vizuri kuiwekea mpaka na jirani yake. Marekani kuna pia masomo yasiyo ya uzamili yanayochukuliwa baada ya shahada ya kwanza, ambayo naona yafaa kuitwa masomo ya nyongeza baada ya shahada. Alama zake huingia katika wastani wa shahada ya kwanza. Yanamfaa aliyesoma historia au uhasibu na sasa anahitaji kemia na biolojia, na yanamfaa pia mwenye wastani unaoweza bado kuinuliwa. Uzamili tangulizi unamfaa ambaye masomo yote ya lazima anayo, MCAT yake ni nzuri, ila wastani umemwangusha. Mkanganyiko wa majina haya mawili humfanya mtu alipie dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tofauti hiyo ina uzito kwa Waswahili walioko Marekani. Aliyehitimu Dar es Salaam na wastani wa 3.6 asidhani anakaribia 3.8 ya huko: vyuo vyetu vya Tanzania hupima kwa 5.0. Zaidi ya hapo, AMCAS haikokotoi alama za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, na vyuo vingi vya udaktari hutaka mwombaji awe amesoma kiasi fulani katika nchi hizo mbili. Aliye na shahada ya kigeni aulize kwanza kama chuo anacholenga kitaridhika na masomo ya uzamili, au kinataka masomo ya shahada ya kwanza. Vipo pia vyuo visivyopokea kabisa wasio na ukaazi wa kudumu.

Kalenda nayo ina mtego. Maombi ya udaktari hupelekwa kuanzia mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza. Uzamili tangulizi wa mwaka mmoja huanza kati ya Julai na Septemba. Anayeomba udaktari Juni, kabla hajaingia SMP, anapeleka maombi yasiyo na alama hata moja ya ushahidi anaoulipia. Atabaki kutuma matokeo ya muhula wa kwanza katikati ya mwaka na kutumaini jopo bado halijajaza nafasi. Anayesubiri hadi amalize hupeleka maombi yenye nguvu, lakini hukaa mwaka mzima mwingine kabla ya kuingia darasani. Kabla ya kujaza fomu, mwombaji aulize programu mambo matatu: wahitimu wangapi wa mwaka jana wameingia udaktari, na wapi, chuo mama kinawahakikishia usaili wanaofikisha wastani fulani au la, na alama hutolewa kwa kulinganishwa na wanafunzi wa udaktari au na wenzake wa uzamili tu. Programu inayokwepa swali la kwanza imekwisha kujibu.

Katika tafsiri ya cheti, liandikwe jina rasmi la shahada kama chuo kilivyoliandika, kwa mfano "Shahada ya Uzamili katika Fiziolojia". Uzamili tangulizi ni jina la aina, halipaswi kupachikwa kwenye cheti. Katika wasifu wa kazi Dodoma au Nairobi, mwenye shahada hii ataje fiziolojia yake bila haya, kwa kuwa ni shahada ya kweli, ila asijiite daktari wala asimwache mwajiri adhani ni bingwa. Na mwandishi wa habari anayeandika kuhusu kijana wa Kiswahili aliyepokewa katika programu hii huko Marekani aandike: "amepata nafasi ya kusoma uzamili tangulizi, maombi ya udaktari bado yako mbele yake."